Mtoto wa Usukuma: Kutoka Shikome Hadi Skrini

Katika Ipililo, kata ya Wilaya ya Maswa huko Usukuma, siku ya mtoto ilipangwa na mifugo kabla ya kupangwa na kengele ya shule. Wavulana walianza na ndama na mbuzi, wakikua wakakabidhiwa ng'ombe. Wasichana walichota maji, walitwanga na kubeba wadogo zao mgongoni. Mchezo haukutengewa saa yake. Ulijipenyeza ndani ya kazi. Machungani watoto walifinyanga ng'ombe wa udongo wenye nundu na pembe, wakalipana mahari kwa ng'ombe hao, au walichimba mashimo ardhini wakacheza isolo, bao la Kisukuma, kwa kokoto. Aliyezama mchezoni hadi mifugo ikaingia shamba la mtu alikula fimbo, na mpaka wa mchezo ulikuwa huo.

Jioni ilikuwa ya shikome, moto wa uani walipoota wanaume na wavulana. Hapo zilisimuliwa hadithi, vikategwa vitendawili, yakatajwa majina ya mababu. Jikoni bibi na wajukuu wa kike walikuwa na baraza lao. Shikome haikuwa kitu cha kutazama tu: aliyetegewa kitendawili alitakiwa kujibu mbele ya wote, na mzee aliyetega alikuwa palepale kumsahihisha. Kwa hiyo kucheza, kujifunza na kukaa na wakubwa vilikuwa jambo moja.

Shule ilivitenganisha. Kwa muda mrefu wazazi wengi walipeleka mtoto mmoja darasani na kumbakiza mwingine machungani, mpaka Azimio la Musoma la 1974 lilipofungua njia ya elimu ya msingi kwa wote, iliyoanza kutekelezwa 1977. Uwanja wa shule ukawa wa rede, kombolela na mpira wa matambara. Nyumbani iliingia redio ya betri, na kipindi cha Mama na Mwana cha Radio Tanzania, kwa sauti ya Debora Mwenda, kikawapa watoto msimuliaji ambaye hawangeweza kumuuliza swali. Pengine hapo ndipo mabadiliko yalipoanza, kabla ya skrini yoyote.

Zanzibar ilikuwa na televisheni tangu 1973, lakini Bara ilisubiri hadi 1994. Vijijini, pasipo umeme, watoto wengi waliijua skrini kwanza kwenye kibanda umiza: jenereta, mabenchi, filamu za kung fu na mpira wa Ulaya, kwa kiingilio cha sarafu chache. Wazazi walivilaumu vibanda hivyo kwa utoro na wizi mdogomdogo wa nyumbani. Baadaye zikaja sola, nyaya za Wakala wa Nishati Vijijini na simu za kugusa. Mwaka 2014 Ubongo Kids ilianza kufundisha hesabu kwa katuni za Kiswahili, na shule zilipofungwa kwa sababu ya korona, kuanzia Machi 2020, masomo yalirushwa redioni na kwenye televisheni.

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba mtoto wa miaka miwili hadi minne asizidishe saa moja ya skrini kwa siku, na asiyetimiza mwaka asioneshwe kabisa. Ushauri huo unamlenga zaidi mzazi mwenye televisheni inayowaka kutwa. Katika nyumba yenye simu moja, nayo ya baba, kikomo huwekwa na chaji na bando. Kisichopimwa ni kama kuna mkubwa aliyeketi karibu, anayeuliza mtoto ameona nini.