Hela Yenye Taji

Ukisema "sina hela" sokoni Bukoba, unataja sarafu ambayo huenda hujawahi kuiona: Heller, iliyoletwa na Wajerumani mwaka 1904. Mia moja zilitimiza rupia moja.

Emin Pasha alipoanzisha boma la Wajerumani hapa mwaka 1890, falme za ziwani zilifanya biashara kwa simbi zilizotungwa kwenye kamba. Kisha ikaja kodi, na mkoloni alitaka fedha yake. Aliyekuwa na simbi ilimbidi atafute sarafu, kwa kuuza mazao au jasho lake. Utajiri wa jana ukageuka pambo.

Kuitambua Heller si kazi ngumu. Upande mmoja ina taji, maneno Deutsch Ostafrika na mwaka. Upande wa pili thamani yake imezungukwa na shada la majani. Tafuta herufi ndogo: A ni Berlin, J ni Hamburg. Yenye tai na maandishi ya Kiarabu ni ya zamani zaidi: ni pesa ya kampuni ya Kijerumani, ya miaka ya 1890 hadi 1892, na 64 zilifanya rupia.

Tundu la katikati lisikudanganye. China na Vietnam zilitoboa sarafu kwa umbo la mraba karne nyingi kabla, nazo zikatungwa kwenye kamba kama simbi zetu. Wajerumani walitoboa Heller 5 na 10 kwa duara, na Waingereza wakatoboa senti zao. Pembe za ndovu zikizunguka tundu, hiyo ni ya Mwingereza.

Ukikuta herufi T na mwaka 1916, umeshika sarafu ya vita. Juni 1915 Waingereza walivuka ziwa, wakaishambulia Bukoba na kuipora. Pwani nayo ilikuwa imezingirwa na meli zao, hivyo karakana ya reli ya Tabora ikapiga Heller 20 kwa shaba.

Miaka ya 1920 shilingi ikashika nafasi. Heller ikafa, jina lake likabaki midomoni mwetu.

Ukiiokota migombani, usiisugue kwa mchanga. Utafuta mwaka na ile herufi ndogo, na bila hivyo utabaki na kipande cha shaba tu.