Riwaya Isomwayo kwa Sauti: Hoja Kutoka Bisil

Katika shule nyingi za upili nchini Kenya, riwaya teule husomwa mwisho, ikiwa itasomwa. Hutangulia mwongozo, ulio na muhtasari wa kila sura, sifa za wahusika, maudhui na mbinu za uandishi, vyote vimekwisha kutafunwa. Mwanafunzi aweza kumaliza kidato cha nne akiwa amejibu maswali chungu nzima kuhusu kitabu ambacho hajawahi kukisoma kurasa kumi mfululizo. Hali hii inaniuma. Makala haya yanashikilia kwamba riwaya irudishwe darasani kwa kusomwa kwa sauti, wanafunzi wote pamoja, na kwamba mahali kama Bisil pana haja kubwa zaidi ya jambo hilo.

Bisil, katika Kaunti ya Kajiado, iko kwenye barabara iendayo Namanga na inajulikana kwa soko lake la mifugo. Mtoto wa Kimaasai hapa hukipata Kiswahili kwanza kwa sikio: sokoni watu wakivutana bei ya mbuzi, kwenye matatu, redioni, na kwa wageni watokao ng'ambo ya mpaka, Tanzania. Ni lugha anayoijua ikiwa na pumzi, utani na hasira. Akifika shuleni anaikuta imelala kwenye ukurasa, sentensi zimerefuka, msamiati umegeuka wa pwani, na anaambiwa aisome kimyakimya. Aliyeingia katika lugha kwa mlango wa sikio ana haki ya kuingia katika riwaya kwa mlango huohuo. Waswahili wenyewe walifanya hivyo kwa karne nyingi: tenzi ziliandikwa, lakini zilighanwa mbele ya hadhira, na asiyejua kusoma hakuachwa nje.

Chukua *Siku Njema* ya Ken Walibora, iliyochapishwa 1996. Kongowea anasimulia maisha yake mwenyewe: utoto wa Tanga, mama aliyekuwa mwimbaji wa taarabu, kisha safari ya kuvuka mpaka kuja Kenya kumtafuta baba. Mwongozo utasema Kongowea ni mvumilivu, na mwanafunzi atanakili. Anayesoma kwa sauti hawezi kuponyoka kirahisi hivyo. Lazima aamue: anayezungumza hapa ni mtoto aliyeumizwa, au ni mtu mzima anayekumbuka? Sauti ishuke au ipande? Wanafunzi wawili wakiisoma aya moja kwa namna mbili, darasa limekwisha kuingia katika uhakiki, na hakuna aliyelazimika kukariri lolote. Swali la dondoo katika karatasi ya tatu ya KCSE humtaka mtahiniwa aeleze nani anasema, anamwambia nani, wapi na kwa sababu gani. Anayesoma kwa sauti hujiuliza hayo kila mhusika anapofungua kinywa.

Walimu watasema muda hautoshi. Tupige hesabu. Ukurasa mmoja huchukua dakika tatu au nne, kwa hiyo kipindi cha dakika 40 hutosha kurasa kumi hivi. Riwaya ya kurasa 150 itakula vipindi 15, na muhula mmoja unaweza kuvibeba.

Pingamizi zito kwangu ni la aibu. Kimaasai hakina sauti za *v* na *z*, na mwanafunzi anayesema "sawadi" akikusudia "zawadi" huchekwa mara moja akanyamaza mwaka mzima. Kwa hiyo mwalimu asome sura za mwanzo yeye mwenyewe, na asome vizuri, kwa maandalizi. Majibizano yagawiwe baadaye, kila mmoja akijua kurasa zake tangu jana, ili azifanyie mazoezi bwenini au nyumbani. Matamshi yasisahihishwe katikati ya usomaji, kwani anayekatizwa kila mstari huacha kufuata kisa na kuanza kuviziavizia kosa lake lijalo. Mwongozo nao ufungiwe kabatini hadi ukurasa wa mwisho wa riwaya usomwe. Hapo ndipo wanafunzi watakapokuwa na la kuupinga.