Kumzoeza mtoto po: kazi inaishia ndani ya choo

Mtoto akishaanza kutembea na kusema maneno mawili matatu, majirani wa parseli wanaanza kumuuliza mama: «Huyu angali anajikojolea?» Swali hilo linaharakisha wazazi wengi. Wengine wanaanza mapema mno, wengine wanachapa. Kuna pia wale wanaoacha mtoto ajisaidie nyuma ya nyumba, juu eti mavi ya mtoto haina shida. Hapo ndipo hatari kubwa ilipo katika miji ya mashariki.

Watoto wengi wanakuwa tayari kati ya miezi 18 na miaka 3. Kuangalia mtoto mwenyewe ni bora kuliko kuhesabu miezi. Anaweza kukaa masaa mawili nguo ikiwa kavu, anaelewa agizo fupi kama «leta kiatu», anajificha nyuma ya mlango wakati mavi inakuja, ao anavuta nguo iliyolowa akitaka itolewe. Mama aliyemzoea mtoto wake anaona ishara hizo mbele ya mtu mwingine. Katika familia nyingi, hata mbele ya umri huo, mama anaketi chini, ananyoosha miguu na kumkalisha mtoto juu ya nyayo zake. Hakuna ubaya, lakini hapo anayejua saa ni mama, si mtoto.

Po ya plastiki inauzishwa sokoni. Asiye na franga za kuinunua anatumia beseni ndogo ya zamani, basi isirudi tena kwa vyombo vya chakula. Mtoto akalishwe asubuhi akiamka, kisha tena nyuma ya kula, kwa sababu chakula kikiingia tumboni kinaamsha matumbo. Dakika tano zinatosha. Kama hakuna kitu, ainuke aende kucheza. Kama kimetoka, asifiwe. Nyumba nzima itumie neno moja, baba na dada pia, ili mtoto ajue namna ya kuomba.

Fimbo inaharibu kazi hii. Mtoto anayeogopa anabana mavi, mavi inakuwa ngumu, siku ikitoka inamuumiza, na kesho anakataa po kabisa. Akifika hapo, apewe maji safi ya kunywa, papai iliyoiva, avoka, sombe, na aachwe siku chache bila kulazimishwa.

Choo cha wakubwa ni jambo lingine. Goma imejengwa juu ya mawe ya Nyiragongo, volkano iliyomwaga moto mpaka ndani ya mji mwaka wa 2002, na iliyolipuka tena mwaka wa 2021. Kuchimba shimo refu ndani ya mawe hayo ni kazi ngumu, na mara nyingi familia kadhaa zinagawana choo kimoja chenye kufuli. Mtoto wa miaka miwili hawezi kungoja ufunguo. Shimo lenyewe linamuogopesha, na ana haki: anaweza kutumbukia. Po ibaki nyumbani mpaka atakapoweza kuchuchumaa vizuri, na hata hapo aende na mtu mkubwa.

Kisha inabaki sehemu ambayo wengi wanaisahau: kilicho ndani ya po kinaenda wapi? Mavi ya mtoto inabeba vijidudu kama ya mkubwa, na mtu anaweza kubeba vijidudu vya kipindupindu bila kuonekana mgonjwa. Mwaka wa 1994, kolera iliua maelfu ya wakimbizi kandokando ya Goma, na mpaka leo inarudi-rudi kwenye fukwe za Kivu na Tanganyika, Uvira na Kalemie pia, mahali ambapo bomba likikauka watu wanashuka kuchota ziwani. Po iliyomwagwa kwenye mfereji wa barabara inateremka na mvua mpaka kwenye maji hayohayo. Kwa hiyo imwagwe ndani ya choo, ioshwe, na maji ya kuiosha yafuate njia ileile. Mavi iliyoanguka uwanjani ichotwe na jembe, ipelekwe chooni. Kama hakuna choo, izikwe mbali na kisima. Pampersi pia isitupwe ziwani wala mferejini. Mama anawe mikono kwa sabuni, ao majivu kama sabuni imekwisha, na mtoto anawe naye. Ni sehemu ya somo.

Mtoto akiharisha maji meupe kama maji ya mchele, asingojewe mpaka kesho. Aanze kunywa SRO palepale, akiendelea kunyonya, wakati wanampeleka kituo cha afya.

Usiku unachukua muda zaidi. Watoto wengi wanakojoa kitandani mpaka miaka 5, wengine hata kupita hapo. Na yule aliyekuwa amekwisha zoea anaweza kurudi nyuma mdogo wake akizaliwa, ao familia ikikimbia vita na kulala mahali pasipojulikana. Si ujeuri wala uvivu. Arudishiwe po bila kelele, kama mwanzo. Kama mkojo unamchoma, ana homa, ao damu inaonekana ndani ya mavi, muganga amuone.