Kiwanda cha Makonyo na Viwanda Vingine vya Pemba

Leo nataka kuwaelezeni habari za jambo lililozipata nchi nyingi zilizotegemea mali ya namna moja: mali hiyo ipunguapo, watu wake watafanya kazi gani? Waingereza walikutana na swali hilo katika sehemu zao za makaa ya mawe. Pemba haina makaa ya mawe, lakini ina karafuu, na mambo hayo mawili hayakuachana sana.

Mkarafuu asili yake ni visiwa vya Maluku, mashariki ya mbali. Katika visiwa vyetu ulistawi kwanza Unguja, zama za Seyyid Said. Mwaka 1872 tufani kuu iliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, na Pemba ikasalimika zaidi. Tangu hapo Pemba ikawa shamba, na Unguja ikabaki kuwa bandari na soko. Mpemba alipanda, akachuma, akachambua, akaanika juani; kazi zilizofuata, pamoja na faida yake, zilikuwa ng'ambo ya mkondo.

Kwa muda mrefu mnunuzi mkubwa alikuwa Indonesia, ambako watu huvuta sigara zilizochanganywa na karafuu. Lakini Waindonesia nao walipanda mikarafuu yao kwa wingi, na katika miaka ya 1980, ilipokwisha kuzaa, haja yao ya kununua kwetu ikapungua sana. Bei ikaporomoka. Mikarafuu mikongwe ikafa pasipo kupandwa mingine ya kutosha, na wako waliovusha karafuu usiku kwa mashua mpaka pwani ya Kenya, kwenye bei iliyo bora.

Katika miaka hiyo hiyo kilianza kazi kiwanda cha makonyo cha Wawi, karibu na Chake Chake, chini ya Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar. Makonyo, kama mjuavyo, ni vile vijiti vinavyobaki karafuu zikishachambuliwa. Wawi hutiwa katika mapipa makubwa ya chuma, na mvuke wa moto hupitishwa kati yake. Mvuke ukitoka huchukua mafuta. Kisha hupita katika mabomba yaliyopozwa kwa maji, ukarudi kuwa majimaji. Hapo mafuta hujitenga na kuzama chini, maana mafuta ya karafuu ni mazito kuliko maji, kinyume cha mafuta ya nazi. Makonyo ya kilo 100 hutoa mafuta ya kilo 5 au 6 hivi. Hayo hutumiwa katika dawa za meno, sabuni na manukato. Baadaye kiwanda kikakamua pia mchaichai, mkaratusi na majani ya mdalasini, na hilo naliona kuwa jambo la busara, kwa kuwa kiwanda kinachongojea makonyo peke yake hulala mwaka ambao karafuu hazikuzaa.

Sasa tutazame Uingereza. Baada ya vita vya 1914 hadi 1918, migodi mingi ya makaa ya mawe kaskazini mwa nchi hiyo na katika Wales ilififia, na watu maelfu wakakaa bila kazi. Mwaka 1934 ikapitishwa sheria ya kuzisaidia sehemu hizo. Kuanzia mwaka 1936, mahali paitwapo Team Valley, karibu na mji wa Gateshead, likajengwa eneo zima la viwanda, na jingine likajengwa Treforest katika Wales. Wenye kusimamia kazi ile hawakuishia kupima ardhi. Walitia barabara, reli na umeme, wakajenga na majumba ya viwanda, ndipo wakawaita wenye mali waje kupanga. Team Valley ingaliko, na biashara zake ni nyingi.

Pemba nayo ilitengewa eneo huru la uchumi huko Micheweni, katika miaka ya 1990. Mahali penyewe palikuwa na sababu. Micheweni ni nchi ya mawe, udongo wake ni haba, na mkarafuu hausitawi kama katika vilima vya magharibi. Watu wake ni wavuvi na wakulima wenye shida nyingi. Lakini mwenye kiwanda huuliza umeme kabla ya kuuliza ardhi. Unguja ilikuwa ikipata umeme wa bara kwa waya wa chini ya bahari tangu mwaka 1980. Pemba iliendelea na mitambo ya dizeli, ghali na yenye kuharibika, mpaka mwaka 2010, ulipolazwa waya kutoka Tanga kwa msaada wa Norway. Miaka mingi, basi, sehemu kubwa ya ardhi ile ilibaki vichaka na mawe, ingawa katika karatasi iliitwa eneo la viwanda.

Pwani hiyo hiyo kina mama walikwisha kupata kazi nyingine. Kilimo cha mwani kilianza Unguja mwaka 1989, kikafika Pemba, na sasa mwani mwingi wa Zanzibar hutoka Pemba. Wao hufunga mbegu kwenye kamba wakati wa maji kupwa, huvuna, huanika, kisha mwani huuzwa mkavu kwa magunia kwenda ng'ambo, na huko ndiko hutengenezwa. Katika miaka ya 2020 Serikali ilianza kujenga kiwanda cha mwani Chamanangwe, katika wilaya ya Wete, ili kazi hiyo ifanyike kisiwani.