Hati ya Ratli Moja ya Nyama

Wasikizaji wetu, leo twataka kuwasimulia habari za mchezo wa kuigiza uliotungwa na Mwingereza William Shakespeare kati ya mwaka 1596 na 1598, ukapigwa chapa mwaka 1600. Kwa Kiswahili waitwa Mabepari wa Venisi.

Kijana Bassanio alitaka kumposa Portia, binti tajiri, walakini hakuwa na mali. Rafiki yake Antonio, mfanyi biashara, akamkopea dukati 3,000 kwa Shylock, Myahudi, akatia sahihi hati ya kwamba asipolipa kwa miezi mitatu, atakatwa ratli moja ya nyama ya mwili wake. Bassanio akawekewa visanduku vitatu, cha dhahabu, cha fedha na cha risasi. Akachagua cha risasi, akapata mke. Huku nyuma muda wa deni ukapita. Ndipo Portia alipovaa mavazi ya kiume, akaingia barazani kama mwanasheria, akamwomba Shylock awe na rehema. Alipokataa, akaonyesha ya kuwa hati yataja nyama, haikutaja damu. Antonio akaokoka.

Hapo watu hucheka. Lakini tutazame tena. Shylock alikuwa ametemewa mate na kuitwa mbwa. Na hao walioomba rehema, walipopata nguvu, walimlazimisha aache dini ya baba zake. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa mwanadamu mchungu.

Wayahudi walifukuzwa Uingereza mwaka 1290, wasiruhusiwe kukaa humo waziwazi hata 1656. Basi wengi katika watazamaji wa kwanza walimcheka mtu ambaye jamaa zake hawakuwajua. Mwaka 1814 Edmund Kean alimwigiza Shylock mjini London kama mtu mwenye uchungu wa kweli, na watu wakashangaa. Walakini mwaka 1943, chini ya Wanazi, mchezo huo huo uliigizwa mjini Vienna ili kuchochea chuki.

Mwaka 1969 Julius Nyerere, Rais wa Tanzania, alitoa tafsiri yake. Hakuandika "wafanyi biashara", bali "mabepari". Ilikuwa miaka miwili baada ya Azimio la Arusha. Kwake yeye kosa halikuwa kabila la mtu, lilikuwa tamaa ya mali.

Basi, ninyi mtakaouigiza shuleni, kabla ya kucheka jiulizeni: twamcheka nani, na kwa sababu gani?