Kirukia: Jina, Mmea na Visasili Vyake

Barua iliyoanzisha uchunguzi huu ilikuwa fupi. Mfasiri mmoja wa hadithi za watoto aliomba athibitishiwe neno moja tu. Katika hadithi aliyokuwa akiifasiri, iliyoandikwa Uingereza, kijana na binti wanajikuta wamesimama chini ya kishada cha majani kilichotundikwa juu ya mlango wakati wa Krismasi, na kwa desturi ya huko hawana budi kubusiana. Mfasiri alikuwa ameandika "misleto", na chini ya ukurasa akaongeza maelezo kwamba hilo ni ua la Ulaya. Kadi ya neno hilo ilipita mezani pangu, nami sikuona sababu ya kuizuia. Mmea haupo kwetu, nilijiambia, basi jina lake na lije na sauti zake, kama yalivyokuja majina mengine mengi. Nikaliingiza katika rasimu ya orodha kwa mkono wangu mwenyewe.

Kosa lilikuwa mara mbili. Misleto si ua, na mimea ya jamaa yake imejaa katika nchi yetu.

Nililitambua hilo Muheza, nilikokwenda kukusanya maneno yatumiwayo na wakulima wa machungwa. Mzee mwenye shamba alikuwa akinitajia sehemu za mti, moja baada ya nyingine, nami nikiandika. Tulipofika kwenye tawi moja niliona majani ya namna mbili: yale ya mchungwa niliyokwisha kuyazoea, na mengine manene, ya kijani iliyofifia, yaliyoshonana kama kichaka kilichopotea njia kikapanda juu.

"Na haya, mzee, ni majani ya mti gani?"

"Hayo si ya mti, mwanangu. Hicho ni kirukia. Hakina shina ardhini. Kimeurukia mti wa mwenzake."

Akalikata tawi kwa panga na kunionyesha mahali mimea miwili ilipoungana, palipovimba kama goti. Neno lenyewe halikuwa geni. Limo katika kamusi zetu, na linyambulisho lake liko wazi: ruka, rukia, kirukia. Hatukuliona kwa sababu tulianza safari yetu kutoka upande wa Kiingereza, na aanzaye upande huo hufikiri kila akutanacho njiani ni kitu cha wenyewe.

Tuutazame kwanza mmea. Wataalamu huiita mimea hii nusu-vimelea. Ina umbijani katika majani yake, kwa hiyo hujitengenezea sukari kwa mwanga wa jua kama mmea mwingine wowote. Ila haina mizizi ya kufika ardhini, na kwa hiyo maji na madini huyachukua kutoka katika mishipa ya mti ulioubeba. Kiungo kinachofanya kazi hiyo hupenya gome la tawi na kushikamana na mishipa ipandishayo maji. Kwa kuwa kirukia huendelea kupoteza maji kupitia majani yake hata mti mwenyeji unapojizuia, ncha ya tawi iliyo mbele yake mara nyingi hudhoofika na kukauka. Ndiyo maana wenye mashamba huvikata.

Mbegu yake ni ya ajabu. Haina ganda gumu kama mbegu nyingine. Kiinitete chake ni cha kijani, na kimezungukwa na utomvu unaonata mno. Ndege hula tunda kwa ajili ya nyama yake, kisha mbegu humkera. Hapa kwetu ndege wadogo wenye midomo minene, wale watobozi wa matawi makavu, huitapika mbegu na kuifuta mdomo kwenye tawi, ikanata papo hapo. Katika Ulaya yuko ndege mmoja mkubwa wa jamaa ya mikesha ambaye huzimeza na kuzitoa katika kinyesi, zikaning'inia matawini kama shanga katika uzi. Mbegu haihitaji udongo. Huchipua pale pale iliponata.

Maua ya virukia vyetu vingi ni mirija mirefu, myekundu au ya rangi ya chungwa. Petali zake zimebanana kwa mvuto, na chozi anapoingiza mdomo wake mwembamba katika mpasuko wa ua, ua hufyatuka na kummwagia chavua usoni. Nimesimama chini ya mti kulishuhudia jambo hili, nikasahau kwa muda kwamba nilikuwa nimetumwa kutafuta maneno.

Misleto ya Uingereza na Ufaransa haina maua ya namna hiyo. Maua yake ni madogo, ya manjano hafifu, na matunda yake ni meupe kama lulu, ndiyo sababu ya jina lake la kitaalamu, Viscum album, yaani kirukia cheupe. Huota duara kama mpira mkubwa wa majani, na mmea dume na mmea jike ni mbalimbali. Lakini jenasi hiyo ya Viscum si ya Ulaya pekee hata kidogo: spishi zake zilizoko Afrika na Madagaska ni nyingi kuliko zilizoko Ulaya. Mwaka 2018 watafiti walithibitisha kwamba Viscum album imepoteza sehemu ya kwanza ya mtambo wa upumuaji ulio katika mitokondria za seli zake, sehemu iliyodhaniwa kwamba hakuna mmea wala mnyama awezaye kuishi bila hiyo.

Sasa neno Viscum lenyewe. Kwa Kilatini cha kale lilikuwa na maana mbili: mmea huu, na ulimbo uliotengenezwa kwa matunda yake ili kunasia ndege. Msomaji aliyekulia pwani, aliyewahi kupaka utomvu wa mfenesi kwenye kijiti ili amnase ndege, hahitaji maelezo zaidi. Warumi waliona kejeli ndani ya jambo hilo, kwamba ndege aliyepanda mmea kwa kinyesi chake ndiye aliyejitengenezea mtego, na wakalifanya msemo wa kumsema mtu ajitakiaye balaa. Kutokana na neno hilo hilo lugha nyingi za Ulaya zimepata istilahi ya kisayansi ya unatifu wa viowevu. Jina la Kiingereza nalo ni la kale, na nusu yake ya mwisho ina maana ya kijiti. Kuhusu nusu ya kwanza wapo waliosema kwamba asili yake ni kinyesi, kwa sababu ya yule ndege, wengine hawakukubali. Wawelisi huuita mti wa juu, na Waairishi wanalo jina lenye maana ya kiponya-yote.

Jina hili la mwisho linatupeleka kwa Pliny Mkubwa, mwandishi wa Kirumi aliyemaliza kitabu chake kikubwa cha elimu ya viumbe mnamo mwaka 77 na kufariki miaka miwili baadaye mlima wa Vesuvius ulipolipuka. Yeye ndiye aliyesimulia habari za Druidi, makuhani wa Wagauli. Asema kwamba hawakuwa na kitu kitakatifu kuliko kirukia kilichoota juu ya mwaloni. Kwamba walikitafuta siku ya sita ya mwandamo wa mwezi. Kwamba kuhani mwenye vazi jeupe aliupanda mti akakikata kwa mundu wa dhahabu, wenzake wakakipokea chini kwa joho jeupe. Na kwamba fahali wawili weupe walichinjwa. Dawa yake iliaminiwa kuwapa uzazi wanyama tasa na kushinda kila sumu. Wagauli, asema, waliuita mmea huo kwa jina lenye maana ya kuponya kila kitu. Sisi tuliouita mti uliotoka Bara Hindi mwarobaini, kwa kuusadiki kwamba hutibu maradhi arobaini, hatuna haki ya kuwacheka. (Dhahabu, hata hivyo, ni laini mno kwa kukatia, na huenda mundu ule ulikuwa wa shaba iliyong'arishwa.)

Kwa nini juu ya mwaloni? Kwa sababu ni nadra. Viscum album hupenda zaidi mitufaha na mipopla. Kuikuta juu ya mwaloni ni bahati. Na kwa nini kiheshimiwe hata kidogo? Wakati wa baridi miti ya Ulaya hupukutika majani yote ikabaki mifupa mitupu, na katikati ya mifupa hiyo kirukia hubaki kibichi, na matunda juu yake. Aliyeiona miyombo yetu ikiwa mitupu wakati wa kiangazi, na kirukia kikichanua juu yake bila kujali, atafahamu mshangao wa watu wale.

Kisasili kilicho na manufaa zaidi kwa kazi yetu ya istilahi, hata hivyo, ni cha watu wa Kaskazini, nacho kiliandikwa na Snorri Sturluson wa Iceland katika miaka ya 1220. Mungu Balder aliota ndoto za kifo chake. Mama yake, Frigg, akavilisha viapo vitu vyote, moto na maji, chuma na mawe, miti na maradhi, kwamba havitamdhuru. Alikiacha kimmea kimoja tu, kirukia, kwa kukiona kichanga mno. Miungu wakawa wanacheza kwa kumtupia Balder silaha, na hakuna iliyompata. Loki, mwenye hila, akaenda kukichukua kimmea kile, akamtia mkononi Hod aliyekuwa kipofu na kumwelekeza pa kutupa. Balder akaanguka akafa.

Maelezo ya Snorri yana jambo la kutazamwa. Kirukia chake kinaota upande wa magharibi wa Valhalla, na Loki anaking'oa tu, kama mtu ang'oaye mche wa bustanini. Hakuna mti uliokibeba. Tena kitawi hicho kina ugumu wa kuweza kumchoma mtu mwilini. Sababu ni nyepesi: Iceland hakiko. Mmea huu unapatikana Norway, kuzunguka ghuba ya Oslo, lakini wahamiaji waliolichukua jina wakavuka bahari nalo hawakuuchukua mmea, na baada ya vizazi kadhaa jina lilibaki halina kitu cha kulishika. Katika visa vingine vya huko, jina lile lile la mmea ni jina la upanga.

Neno likitenganishwa na kitu chake hufanya hivyo. "Misleto" katika kitabu cha mtoto wa Muheza lingekuwa upanga, au ua, au chochote ambacho mtoto angependa kiwe.

Frazer, katika kitabu chake kikubwa kilichotoka mara ya kwanza mwaka 1890, alifanya kinyume. Alilichukua tawi la dhahabu alilolitaja mshairi Virgil, ambaye aliishia kulifananisha na kirukia, akasema kwamba tawi lile lilikuwa ni kirukia chenyewe, kwa kuwa kikikatwa na kuwekwa hugeuka rangi ya dhahabu. Tashibihi ikawa hakika. Kuhusu kubusiana chini yake, wengi hudhani ni desturi ya Druidi. Lakini ushahidi wa maandishi uliopo ni wa Uingereza ya mwishoni mwa karne ya 18. Mnamo 1820 Mmarekani Washington Irving aliieleza: kijana huchuma tunda moja kwa kila busu, na matunda yakiisha, haki yake imekwisha.

Ni juu yetu sasa kupambanua. Pingamizi la kwanza dhidi ya "kirukia" ni kwamba wasemaji wengi huweza kukitaja kwa mmea wowote uotao juu ya mwingine, pamoja na okidi na majani ya jamii ya dege, ambayo hukalia tawi tu bila kuchukua chochote ndani yake. Pingamizi hili ni la kweli. Wako waliopendekeza "kimelea" badala yake, lakini kimelea kimekwisha kuwa mali ya waganga: tunasema vimelea vya malaria. Wengine walitaka "mnyonyaji". Tangu Azimio la Arusha la mwaka 1967 neno hilo, pamoja na kupe na mirija, limebeba hukumu ya kisiasa ambayo mmea ujitengenezeao sukari yake mwenyewe haustahili kuibeba wote. Kwa sababu hiyo hiyo napendelea kiungo kile kipenyacho gome kiitwe "kifyonzi" kuliko "kinyonyeo".

Tusitegemee majina ya Kilatini kutuokoa. Karibu virukia vyote vya Afrika vyenye maua ya mirija viliwahi kuwekwa chini ya jina moja la Loranthus. Leo vimegawanywa katika jenasi nyingi, kama ilivyo katika kitabu cha Polhill na Wiens cha mwaka 1998, na jina la Loranthus limebakia kwa spishi chache za Ulaya na Asia.

Rai yangu basi ni kwamba kirukia kitengwe, katika maandishi ya sayansi, kwa mimea yenye kifyonzi matawini. Ile inayokalia tu iitwe "kipandizi". Viscum album iwe kirukia cheupe. Utomvu wa mbegu uitwe ulimbo, kama ulivyo.

Nilimwandikia mfasiri na kumweleza haya, nikaomba radhi kwa kadi ya kwanza. Alijibu kwa wasiwasi. Watoto wa wakulima, alisema, watacheka wakisoma kwamba Waingereza hutundika mlangoni kitu ambacho baba zao hukikata kwa panga na kukitupa, kisha wakabusiana chini yake. Nilimjibu kwamba wacheke.