Stempu za Ushuru Katika Hati za Zamani za Sharika

Nabii Yeremia aliponunua shamba la Hanameli kule Anathothi kwa shekeli 17 za fedha, hakuridhika na neno la mdomo. Aliandika hati, akaitia muhuri mbele ya mashahidi, kisha akamwagiza Baruku aiweke katika chombo cha udongo ipate kudumu (Yer. 32:9–14). Sharika za Tanganyika nazo zilikuwa na vyombo vyao: masanduku ya bati na kabati za ofisi ya mchungaji, zilimotunzwa hati za viwanja, mapatano na mafundi na stakabadhi za malipo. Katika karatasi za wakati wa Waingereza huonekana mara nyingi stempu ndogo iliyobandikwa chini, na saini iliyopita juu yake.

Stempu hiyo haikuwa nauli ya barua. Ilionyesha kwamba ushuru wa serikali juu ya hati umelipwa. Ushuru wa namna hiyo ulianza Uholanzi mwaka 1624 na kuingia Uingereza mwaka 1694, ukaenea katika makoloni. Kwa kuwa stempu nyingi za Waingereza zilichapwa kwa posta na ushuru pamoja, stempu ileile yenye kichwa cha Mfalme iliweza kubandikwa kwenye bahasha au kwenye stakabadhi. Kinachozitofautisha ni alama iliyo juu: muhuri wa posta kwa barua, wino wa kalamu kwa hati.

Kubandika peke yake hakukutosha. Stempu ilipaswa kubatilishwa, isije ikabanduliwa na kutumiwa tena. Mtia saini aliandika jina lake au herufi zake za kwanza pamoja na tarehe, wino ukianzia kwenye karatasi, ukivuka stempu na kuishia kwenye karatasi tena. Asiyejua kuandika aliweka dole gumba. Ofisi nyingine zilitumia muhuri wa mpira, nyingine zilitoboa stempu matundu. Isipobatilishwa ilihesabiwa kana kwamba haipo, na mahakama haikuipokea hati hiyo kuwa ushahidi mpaka ushuru na adhabu vilipwe. Sheria ya Ushuru wa Stempu ya mwaka 1972 iliendeleza msingi huo. Hivyo mtunza hazina nadhifu, aliyetia saini pembeni ili asiichafue stempu, aliudhuru usharika wake bila kujua.

Jambo hilo lilikuwa zito kwa Walutheri kwa sababu mali yao ilipita katika mikono mingi. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Ibara ya 438 ya Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 iliagiza mali za misioni za Kijerumani ziwekwe chini ya wadhamini wa imani ileile. Wamisionari Wajerumani waliondolewa, wengine wakarudi baadaye, na vita vya mwaka 1939 vikawatoa tena. Tarehe 19 Juni 1963 makanisa saba yakaungana kuwa KKKT. Katika kila makabidhiano, waliojua mpaka wa kiwanja uko wapi na nani alilipwa nini walikuwa wameondoka au wamelala kaburini. Iliyobaki ni karatasi.

Karatasi hizo zaweza kupimwa. Hati yaweza kubeba stempu iliyokaa droo miaka kadhaa, lakini haiwezi kubeba stempu ambayo ilikuwa haijachapwa. Mfalme George wa Tano alifariki Januari 1936. Hati inayodai kuandikwa mwaka 1934 huku ikiwa na sura ya George wa Sita imejisema yenyewe. Fedha nayo hutoa ushahidi, maana rupia ilipisha florini mwaka 1920, na punde shilingi ya Afrika Mashariki. Hata hivyo, wazee wengi waliichukua stempu kuwa ni serikali kuthibitisha yaliyoandikwa. Haikuwa hivyo. Serikali ilipokea ushuru wake tu. Ukweli wa maneno ulibaki kwa mashahidi.

Hasara kubwa imeletwa na wapenda stempu. Kwa kuiroweka karatasi majini ili stempu ibanduke, wamegawa saini vipande viwili: nusu imekwenda na stempu, nusu imebaki kwenye hati yenye doa la mraba mahali palipokuwa na ushahidi. Penye stempu iliyoanza kulegea, hati yapaswa kuwekwa ndani ya bahasha safi pamoja na stempu yake, bila gundi mpya wala utepe wa plastiki.